Kuskusi ya nyumbani yenye ladha: mwongozo kamili kuanzia kwenye mchuzi hadi kwenye sinia

Wengi wanaosema hawaipendi kuskusi ukiwauliza waliilaje wanakwambia kitu kile kile, maji ya moto, chumvi kidogo, funika, kula. Sasa hapo utapenda nini jamani? Kuskusi yenyewe haina ladha kubwa, inachukua ladha ya kile ilichokunywa, na inakunywa mara moja tu. Ukiipa maji matupu ikashiba maji matupu basi hata uje umwage mchuzi wa namna gani juu yake, mchuzi unabaki nje na ndani ya chembe hamna kitu. Kwa hiyo kila ninachoandika hapa kinazunguka jambo moja, pika mchuzi mzuri kwanza, alafu kuskusi inywe huo mchuzi. Ukilishika hilo mengine yote ni ufundi mdogo mdogo wa mikono.

Unanunua nini hasa

Kuskusi ni ya Afrika Kaskazini, asili yake kwa Waamazighi, wenyeji wa kale wa huko ambao wengi wanawaita Waberberi, na mpaka leo Moroko, Algeria, Tunisia, Libya na Mauritania ndo kwao. Mwaka 2020 UNESCO iliingiza ujuzi na mila za kuitengeneza na kuila kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni, na maombi yalipelekwa kwa pamoja na Algeria, Mauritania, Moroko na Tunisia. Kwa mkono inatengenezwa hivi: semolina, yaani chenga za ngano ngumu, inanyunyiziwa maji ya chumvi na unga kidogo, inaviringishwa kwa viganja kwenye sinia pana mpaka ijiumbe vichembe, inachekechwa, inapitishwa kwenye mvuke, inaanikwa.

Ile ya paketi nayo kiwandani imeshapita kwenye mvuke na kukaushwa, ndo maana ukiimwagia kitu cha moto inakuwa tayari ndani ya dakika chache. Haitakiwi kuchemshwa. Nasisitiza hili kwa sababu ndo kosa namba moja, mtu anaibandika jikoni inatokota na yeye anakoroga, matokeo yake inakuwa bonge la uji na lawama anapewa kuskusi.

Soma paketi vizuri pia. Kuna ndogo sana, kuna ya kati, na kuna ile ya vidonge vikubwa vya duara inayoitwa ya lulu, hiyo ya lulu ni tambi kabisa na inachemshwa kwenye maji mengi ya chumvi dakika 8 hadi 10 kisha inachujwa, haihusiki na maelezo ya hapa chini. Ya ngano nzima inahusika ila inataka mchuzi zaidi kidogo na dakika chache za ziada. Zipo pia za shayiri, za mahindi, na Senegali wana yao ya mawele ambayo ni tamu sana. Na kama unampikia mtu ambaye gluteni, ile protini ya ngano, inamdhuru, kuskusi ya ngano na ya shayiri zote zina gluteni, hiyo usimpe hata kijiko, mtafutie ya mahindi au ya mawele ambayo paketi imeandikwa wazi kwamba haina gluteni.

Vya kuandaa

Hapa napika ya watu wanne wanaokula vizuri. Kikombe ninachosema ni cha mililita 250, lakini hata ukitumia kikombe chochote ulichonacho haijalishi, muhimu utumie hicho hicho kupimia kuskusi na mchuzi.

Kuskusi ndogo au ya kati vikombe 2, ni kama gramu 350. Vitunguu maji 2 vikubwa, kitunguu saumu punje 4, tangawizi kipande cha urefu wa kidole gumba. Karoti 3, boga kipande cha kujaza kikombe kimoja na nusu ukishakata, zukini 2 (zile za kijani ndefu kama tango, jamii ya boga), pilipili hoho 1. Dengu zilizokwishachemshwa kikombe kimoja na nusu (zile kubwa za duara zenye rangi ya maziwa, za kopo zinafaa, zisuuze tu). Nyanya ya kopo ile nzito kijiko kimoja cha chakula kilichojaa. Mafuta ya zeituni au mafuta yoyote ya kupikia, siagi kijiko kimoja cha chakula, zabibu kavu kiganja kimoja, limau 1, kotmiri fungu moja na nanaa kama ipo.

Viungo vya unga ni hivi: binzari nyembamba kijiko cha chai 1, giligilani kijiko cha chai 1, paprika kijiko cha chai 1, manjano nusu kijiko cha chai, pilipili manga nusu, na mdalasini robo kijiko cha chai, au kijiti kimoja kizima ambacho mi naona ni bora zaidi kwa sababu kinatoa harufu taratibu na hakiachi uchungu. Kama una ras el hanout, ule mchanganyiko wa viungo wa Moroko, weka vijiko viwili vya chai vya huo badala ya hivi vyote isipokuwa manjano.

Boga huna? Weka viazi vitamu. Zukini huna? Kabichi iliyokatwa vipande vinene inafanya kazi nzuri tu. Moroko kuna kuskusi maarufu ya mboga saba na hizo saba zenyewe zinabadilika nyumba hadi nyumba, kwa hiyo usikae unahangaika.

Anza na kitunguu na usimharakishe

Sufuria yenye kitako kizito, mafuta vijiko 3 vya chakula, moto wa kati. Kata vitunguu vipande vyembamba, tia na chumvi nusu kijiko cha chai ili vitoe maji mapema, geuza geuza. Hapa toa dakika 10 mpaka 12 kamili. Kitunguu kikilainika tu bado, subiri mpaka kingo zianze kuwa za kahawia na ile harufu kali ya mwanzo igeuke iwe ya utamu. Huu utamu ndo unaobeba mchuzi wote na hauna njia ya mkato.

Kitunguu kikifika hapo tia saumu na tangawizi vilivyopondwa, dakika moja. Alafu viungo vyote vya unga kwa mpigo, na hapa uwe macho, viungo vinataka mafuta ya moto ili vifunguke lakini vinaungua haraka mno, sekunde 30 hadi 40 zinatosha, ukiona vinashika chini ya sufuria nyunyizia maji kijiko kimoja vitulie. Tia nyanya ya kopo, ibane bane na mwiko kwenye kitako cha sufuria mpaka iache wekundu wa kung'aa na iwe nyekundu nzito ya kuelekea udongo na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Hapo ukiinama juu ya sufuria utajua mwenyewe kwamba tayari.

Mchuzi

Mimina maji vikombe 5, kama una supu ya kuku au ya mboga ya nyumbani ndo bora zaidi. Kama unatumia kidonge cha supu kumbuka kina chumvi nyingi. Tia karoti zilizokatwa vipande vinene vya urefu wa kidole, maana ukizikata nyembamba zitapotea, na kile kijiti cha mdalasini. Kama mchuzi ni wa maji matupu ongeza chumvi kijiko cha chai kimoja hivi kwa kuanzia. Ikichemka punguza moto, funika nusu, iache dakika 10 za kutokota kidogo kidogo.

Baada ya hapo weka boga, hoho na dengu, dakika 5, halafu zukini, dakika 6 au 7 nyingine. Zukini inaingia mwisho kwa sababu ina maji mengi na inavunjika. Unataka mboga ambayo uma unaingia bila kusukuma lakini bado imeshika umbo lake.

Sasa onja mchuzi. Usiruke hii. Mchuzi unatakiwa uwe umekolea kuliko ambavyo ungeunywa wenyewe kwenye bakuli, uwe na chumvi iliyozidi kidogo na viungo vinavyosikika, kwa sababu nusu yake inaenda kugawanywa kwenye vikombe viwili vya nafaka isiyo na chumvi kabisa. Mchuzi ambao kwenye kijiko ni mtamu tu wa kawaida, kwenye kuskusi utakuwa umepooza. Kamua nusu limau humo, onja tena.

Wakati mboga zinaiva, kaanga kuskusi

Hatua hii wengi hawaifanyi na paketi haikwambii, ila tofauti yake unaisikia mdomoni. Kikaango kikavu, moto wa kati, mimina kuskusi kavu na mafuta kijiko kimoja cha chakula, koroga bila kuacha kama dakika 3 au 4. Itaanza kutoa harufu ya mkate unaookwa na rangi itazidi kidogo, hapo hapo itoe umwage kwenye bakuli, usiiache kwenye kikaango maana kikaango bado kina moto na kinaendelea kuiunguza. Faida ni mbili: ladha ya kukaangwa, na yale mafuta yamepaka kila chembe kwa hiyo zikinywa mchuzi hazigandani kirahisi.

Bakuli liwe pana na la kutosha, kuskusi inavimba mara mbili na nusu au zaidi. Itandaze iwe sawasawa, isiwe kilima, maana ikiwa kilima ya chini inalowa ya juu inabaki kavu. Tupia zabibu humo humo zivimbe pamoja.

Kuinywesha

Chota mchuzi bila mboga, upitishe kwenye chujio, pima vikombe 2. Yaani kuskusi kikombe kimoja kwa mchuzi kikombe kimoja. Paketi nyingi zinasema kikombe kimoja na robo au hata na nusu, na si uongo, ila ukifanya hivyo na baadaye tena unamwagia mchuzi juu wakati wa kula inakuwa laini kupita kiasi. Anza na sawa kwa sawa, kuongeza utaongeza, kupunguza huwezi.

Rudisha huo mchuzi jikoni uchemke kabisa, ububujike. Mchuzi wa uvuguvugu ndo unaoacha chembe ngumu katikati. Ukichemka umwagie kuskusi ukizunguka bakuli zima mpaka kila sehemu ipate, tikisa bakuli mara moja ijipange, funika kwa sahani au mfuniko unaobana. Weka saa: ndogo dakika 5, ya kati 8 hadi 10, ya ngano nzima 10 hadi 12. Usifunue kuchungulia, mvuke uliomo ndani ndo unaomalizia kazi, na usikoroge, ukikoroga ikiwa imelowa hivyo unaitoa wanga wake inashikana.

Kuichambua

Hapa ndo panapotofautisha kuskusi na kuskusi. Funua, utaona imekuwa kama bamba moja, usishtuke ni kawaida. Weka siagi juu iyeyuke, chukua uma, anza kwenye ukingo wa bakuli ukikwaruza kuelekea katikati kidogo kidogo, unainua na kuachia. Usitumie mwiko, mwiko unakandamiza. Ikishaachana achana na kupoa kiasi cha mkono kuvumilia, nawa mikono, paka mafuta tone moja viganjani, ingiza mikono, chota na uisugue taratibu kati ya viganja ikidondoka yenyewe. Utayasikia mabonge madogo kwa ncha za vidole hata yale ambayo macho hayayaoni, ukiyabonyeza kidogo tu yanafumuka. Dakika 2 za hivyo na kila chembe inasimama peke yake, nyepesi, inamwagika.

Onja. Ikiwa bado ina kiini kigumu nyunyizia mchuzi wa moto vijiko vitatu vinne, funika tena dakika 3, chambua tena. Ikiwa sawa kamua ile nusu ya limau iliyobaki, tupia kotmiri na nanaa zilizokatwa katwa.

Pakua kwenye sinia au sahani pana, iwe kilima, toboa shimo katikati, panga mboga na dengu humo na nyingine zishuke pembeni, mwagia vijiko vichache vya mchuzi. Mchuzi uliobaki weka kwenye bakuli pembeni kila mtu ajiongezee kadiri anavyotaka. Anayependa pilipili mpe harisa, ile pilipili ya kusaga ya Tunisia, ukiikoroga kwenye mchuzi wa bakuli na sio juu ya sahani inasambaa vizuri zaidi.

Ukitaka nyama

Kuku: mapaja yenye mfupa vipande 4, yapake chumvi, yakaange kwenye hayo mafuta kabla ya kitunguu mpaka ngozi iwe ya kahawia, yatoe, endelea na kitunguu kama kawaida, alafu yarudishe wakati wa kumimina maji yachemke dakika 20 kabla ya karoti kuingia. Nyama ya kondoo ni hivyo hivyo ila ipe saa moja na nusu kabla ya mboga na ongeza maji njiani. Samaki ni habari nyingine, pwani ya Tunisia wanaipika hivyo na kule Trapani kisiwani Sicily pia, mchuzi wa nyanya na samaki, samaki anaingia dakika 8 hadi 10 za mwisho tu.

Na kama una muda wa ziada fanya tfaya, hii ni ya Moroko na kwangu ndo kilele cha mambo yote. Vitunguu 3 vikubwa vyembamba, siagi kijiko kikubwa kimoja, chumvi kidogo, moto mdogo dakika 25 mpaka viwe laini kabisa, kisha zabibu kiganja, asali vijiko 2 vya chakula, mdalasini nusu kijiko cha chai, mchuzi nusu kikombe, acha tena dakika 15 mpaka iwe nzito inang'aa. Inakaa juu kabisa ya kilima pamoja na lozi zilizokaangwa. Na kuku inapatana ajabu.

Njia ya mvuke

Afrika Kaskazini kwenyewe, kwa njia ya asili, hawamwagii maji ya moto, wanaipika kwa mvuke kwenye chungu cha ghorofa mbili, chini mchuzi unatokota, juu kuna chombo chenye matundu ndo kuskusi inakaa, harufu ya mchuzi inapanda nayo. Unaweza kujaribu kwa chekeche la chuma linalokaa vizuri juu ya sufuria, matundu yakiwa makubwa tandika kitambaa chepesi safi. Kuskusi iwe ya kati.

Ilowanishe kwanza kwa mafuta vijiko 2 na maji nusu kikombe, isugue kwa mikono isiwe na bonge, ipakie juu bila kuikandamiza. Mvuke usitoroke pembeni, zungushia kitambaa chenye unyevu pale vyombo vinapokutana. Ukianza kuona mvuke unatokea juu ya kuskusi hesabu dakika 15. Imwage kwenye sinia, ivunje kwa uma, nyunyizia maji kikombe kimoja yenye chumvi kidogo kidogo huku unasugua, iache inywe dakika 5, rudisha kwenye mvuke dakika 15. Kisha mara ya tatu vile vile na maji kidogo zaidi, mwisho siagi na mchuzi wa kuinyunyizia. Ndiyo, ni saa nzima na zaidi, ila inatoka laini na nyepesi kiasi kwamba tumbo haliilalamikii, na siku ambayo una wageni na muda upo inalipa kabisa.

Ikienda kombo

Imekuwa uji: mchuzi ulizidi, itandaze kwenye trei iingie oveni ya nyuzi 150 dakika 8 hadi 10 ukiigeuza mara moja, itarudi kiasi, haitakuwa kama mwanzo ila italika. Ina mabonge: ilipoa kabla hujaichambua, ipashe kwanza na mvuke ndo uisugue, ikiwa baridi utaiponda. Haina ladha japo ulifuata yote: mara nyingi ni chumvi ya mchuzi haikutosha, chumvi ukiinyunyiza juu saa hizi haiingii vizuri, afadhali ikoroge kwenye vijiko 3 vya mchuzi wa moto pamoja na limau na siagi kisha ndo uinyunyizie. Ina uchungu: viungo viliungua, hapo asali kidogo inasaidia lakini haifuti.

Iliyobaki iache ipoe, ndani ya saa mbili iwe imeshaingia friji kwenye chombo kinachofunga, mboga na mchuzi chombo chake, kuskusi chombo chake, inakaa siku 3. Kuipasha nyunyizia maji kijiko kimoja kwa kila kikombe, funika, mvuke au maikrowevu dakika 2, chambua upya. Au usiipashe kabisa, ichanganye ikiwa baridi na nyanya, tango na kitunguu kilichokatwa kidogo kidogo, pasli nyingi, limau na mafuta ya zeituni, iache dakika 20 kabla ya kula ili ile limau ipate muda wa kuingia.